Je, ni manowari zilizoimaliza misitu ya Ulaya?

SWALI: Nafundisha historia kidato cha tano na cha sita. Tukifika kwenye mada ya kupanuka kwa mataifa ya Ulaya, huwa nawaeleza wanafunzi kwamba Waingereza, Waholanzi, Wafaransa na Wahispania walikata misitu yao yote kuunda merikebu za vita na za biashara, wakabaki na nchi tupu, ndipo wakatoka kwenda kutafuta mbao kwa watu. Juzi mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, meli ngapi zingetosha kumaliza msitu wa nchi nzima?" Nikamwambia nitamjibu kesho. Kesho hiyo sasa ina wiki mbili. Naomba msaada. Pia ningependa kujua kama mbao za kwetu Afrika Mashariki ziliingia kwenye manowari hizo.

JIBU: Mwalimu, huyo mwanafunzi mpe alama kabla hujampa jibu, maana wanahistoria wenyewe walichelewa kuuliza alichouliza yeye. Hadithi unayowafundisha haikutoka hewani. Imetoka kwa maofisa wa majeshi ya majini, ambao kuanzia karne ya 16 hadi ya 19 hawakuchoka kuandika kwamba mbao zimekwisha, zinakwisha, au zitakwisha. Maandishi yao yamehifadhiwa vizuri kwenye nyaraka za serikali. Mkulima aliyefyeka ekari mbili apande ngano hakumwandikia mtu barua. Aliyekuja kuzisoma nyaraka miaka mingi baadaye akakuta kilio cha upande mmoja, akakiamini.

Mimi nasema hivi: meli hazikuimaliza misitu ya Ulaya. Meli zilichagua miti, na miti ile zilizoichagua ndiyo iliyoadimika.

Tuanze na hesabu. Chukua Victory, manowari ya Nelson, admirali wa Uingereza, katika vita vya Trafalgar mwaka 1805, ambayo hadi leo imewekwa kwenye gudi kavu huko Portsmouth. Ilianza kuundwa kwenye kiwanda cha meli cha Chatham, England, mwaka 1759, ikashushwa majini 1765. Ilikula miti kama 6,000, na katika kila kumi, tisa ilikuwa mialoni, mti mgumu wa Ulaya ambao Waingereza huuita oak. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba miti hiyo ilihitaji msitu wa hekta kama 40. Hiyo ni meli ya daraja la kwanza, yenye mizinga mia moja. Manowari ya mizinga 74, ambayo ndiyo ilikuwa farasi wa kazi wa karne ya 18, ilitaka mialoni kama 2,000. Vasa ya Wasweden, ile iliyozama mbele ya macho ya watu wa Stockholm tarehe 10 Agosti 1628 kabla haijamaliza hata kilomita moja na nusu ya safari yake ya kwanza, ilitaka kama 1,000.

Sasa tuwape ukarimu wanaosimulia hadithi ile. Tuseme Waingereza wameunda meli mia moja kubwa kama Victory kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo hawajapata kulifanya. Hekta 40 mara 100 ni hekta 4,000. England peke yake, ukiiacha Scotland na Wales, ina hekta kama milioni 13. Misitu yake ilipofika chini kabisa, mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa imebaki kama asilimia 5 ya nchi, yaani hekta kama 650,000. Ukizitoa humo zile 4,000 hujafikisha hata asilimia moja. Hesabu hii ni ya ubaoni tu, na kuna mambo imeyaruka ambayo nitayarudia, lakini inaonyesha ukubwa wa jambo.

Kuna ushahidi mwingine ambao kwangu mimi unaufunga mjadala. Mwaka 1086, kwa amri ya mfalme William aliyeiteka England, nchi ilihesabiwa: ardhi, watu, ng'ombe, vinu, na misitu. Kutokana na daftari lile wataalamu wamekadiria kwamba misitu ilikuwa imebaki kama asilimia 15 tu ya nchi. Mwaka 1086! Armada, lile kundi la manowari za Wahispania, ilikuja kuishambulia England miaka 500 baadaye. Sehemu kubwa ya msitu wa England ilikuwa imekwisha kukatwa kabla mtu yeyote hajafikiria kuweka mizinga kwenye ubavu wa meli. Aliyeukata ni mkulima. Alitaka shamba na malisho, na akishafyeka hakuuacha urudi.

Wa pili baada ya mkulima ni moto. Hapa wanafunzi wako watakuelewa upesi kuliko wanafunzi wa Ulaya, kwa sababu mkaa wanaujua. Kitanda cha mninga kinachongwa mara moja, baba akifa anakirithi mtoto. Mkaa unanunuliwa leo na kesho kutwa unanunuliwa tena. Ulaya ya karne ya 17 iliishi hivyo hivyo, halafu ikaongezewa baridi ya miezi sita. Jiko la nyumbani, tanuri la mwoka mikate, la mfinyanzi, la mchoma chokaa, la mpika chumvi, la mpuliza vioo, la mfua chuma: yote yalikula kuni au mkaa usiku na mchana. Mbele ya mdomo huo, meli ni mgeni anayekuja kula siku ya sikukuu.

Hata hivyo nisikuache ukaenda darasani na hadithi mpya ya kwamba wafua chuma ndio waliomaliza misitu. Miti mingi ya Ulaya yenye majani mapana, ukiikata karibu na ardhi, kisiki kinachipua. Baada ya miaka kumi na mitano au ishirini una fito nyingine za kuchomea mkaa, na kisiki hicho hicho kinaweza kuzaa kwa mamia ya miaka. Wenye matanuri ya chuma kusini mwa England, katika eneo la Weald, walijua kwamba msitu wao ndio mtaji wao, wakaukata kwa zamu. Leo eneo hilo ni miongoni mwa sehemu zenye msitu mwingi zaidi England nzima. Msitu uliokuwa na mnunuzi wa kila mwaka ulikuwa na mlinzi. Usiokuwa naye uligeuzwa shamba.

Basi kama ni hivyo, wale maofisa walilia nini miaka yote ile? Walikuwa waongo?

Hawakuwa waongo. Tofauti ni kwamba wewe ukisikia "mbao" unawaza msitu, wao walikuwa wanawaza mti mmoja mmoja. Nenda Nungwi, kaskazini ya Unguja, umtazame fundi anavyounda jahazi. Ubao wa ubavuni si tatizo lake kubwa, anapasua gogo lililonyooka. Mateso yake ni mataruma, yaani mbavu za chombo. Taruma linatakiwa likunjike lenyewe kama ubavu wa mtu, likiwa limeota hivyo, nyuzi za mti zikifuata mkunjo toka mwanzo hadi mwisho. Ukilichonga toka kwenye gogo lililonyooka utakata nyuzi, na siku ya kusi kali litapasuka palepale ulipokata. Kwa hiyo fundi anazunguka akitazama miembe ya watu, shingo juu, akilitafuta tawi lenye umbo alilonalo kichwani.

Sasa mzidishie huyo fundi ukubwa mara hamsini. Mwunda meli wa Chatham au wa Brest, Ufaransa, alitaka mataruma mazito kuliko mwili wa mtu, alitaka hanamu ya mbele ya meli, fashini ya nyuma, na zile pembe za kushikiza sitaha kwenye mbavu, ambazo Waingereza waliziita magoti. Zote zitoke kwenye mwaloni uliokunjika wenyewe, na mwaloni haukunjiki ukiwa umebanana na wenzake msituni. Huko unanyooka kulifuata jua. Unaokunjika ni ule ulioota peke yake, kwenye ua wa shamba au katikati ya malisho, ukapigwa na upepo toka utotoni. Maana yake mti bora wa manowari mara nyingi haukuwa wa msituni kabisa. Ulisimama mlangoni kwa mkulima! Wafaransa walikuwa wanatuma mafundi vijijini na violezo vya mbao nyembamba, wanaviegemeza kwenye shina na matawi kuona kama umbo linakubali, kisha mti unapigwa chapa ya mfalme.

Wabaski wa kaskazini mwa Hispania hawakusubiri bahati. Walikuwa wanaukata mti kichwa ungali kijana, wakauongoza uchipue tawi moja la kulala na jingine la kusimama, miaka hadi miaka, ili siku ya kukatwa utoe pembe iliyo tayari kwa meli. Miti ya namna hiyo ambayo haikupata kukatwa bado imesimama kwenye milima yao, mizee, ina mikono kama watu wanaoongoza magari. Hiki ni kilimo, tena cha subira ya ajabu: anayeuongoza mti anajua atakayeukata ni mjukuu wake.

Juu ya umbo weka umri. Mwaloni wa kutoa mbao kubwa za manowari ulitaka miaka 100, na mingine zaidi. Vita vinakuja kila baada ya miaka kumi, mti unarudi baada ya mia. Ndiyo sababu baada ya kila vita kulikuwa na kilio, hata kama nyuma ya kilima kulikuwa na hekta elfu za mialoni ya miaka arobaini isiyomfaa mwunda meli kwa lolote.

Halafu njia. Hapa ndipo ningekushauri darasa lako litulie. Mwandishi Daniel Defoe, aliyezunguka Uingereza katika miaka ya 1720, aliona Sussex, kusini mwa England, mti mmoja wa mwaloni ukivutwa na ng'ombe 22 kwenye gari la magogo. Udongo wa huko ni mfinyanzi, mvua ikinyesha barabara inakuwa uji. Ng'ombe wanauvuta mti kipande kidogo, unatupwa, wengine watakuja kuuvuta kipande kingine, na Defoe anasema wakati mwingine inapita miaka miwili au mitatu kabla gogo halijafika Chatham. Umbali wenyewe ni safari ambayo leo basi linaimaliza asubuhi moja.

Kwa hiyo msitu ulio mbali na mto, kwa mwenye kiwanda cha meli, ulikuwa kama haupo. Sheria kubwa ya misitu ya Ufaransa ya mwaka 1669, kazi ya Colbert, waziri wa Louis wa 14, inakiri jambo hilo waziwazi. Mwenye miti mikubwa ndani ya kama kilomita 40 toka baharini, au kama kilomita 8 toka mto upitikao kwa vyombo, alitakiwa atoe taarifa miezi sita kabla ya kuiuza, ili wanamaji wachague kwanza. Aliye mbali zaidi ya hapo wanamaji hawakuwa na haja naye.

Ukishaelewa njia, utamwelewa Mholanzi, na Mholanzi ndiye anayeivunja hadithi ya zamani kuliko wote. Katika karne ya 17 Uholanzi ilikuwa na kundi kubwa la meli za biashara kupita taifa lolote la Ulaya, na misitu haikuwa nayo. Nchi ya kinamasi na malisho! Kilichokuwa kwake ni maji na upepo. Magogo yalikuja kwa meli toka Norway na bandari za bahari ya Baltiki, na yalikuja kwa mto Rhine toka Ujerumani, yamefungwa vyelezo vikubwa hivi kwamba vilifika urefu wa mita mia kadhaa, juu yake kuna vibanda, majiko na mamia ya watu wa kupiga makasia. Yakifika Dordrecht yanavunjwa na kuuzwa. Mwaka 1593 Cornelis Corneliszoon wa Uitgeest akapewa hataza ya kinu cha upepo cha kupasulia mbao: mzunguko wa mapanga unageuzwa kuwa mwendo wa misumeno ya kupanda na kushuka. Kando ya mto Zaan vinu hivyo vikaota kama uyoga. Kazi iliyokuwa ya watu wawili na msumeno, mmoja juu ya gogo na mwenzake shimoni, ikawa ya upepo.

Mabaki ya Batavia, meli ya Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki iliyovunjika kwenye miamba ya Australia Magharibi mwaka 1629, yamepimwa kwa kusoma pete za mbao. Mbao zake zimekutwa zimetoka sehemu mbalimbali: Baltiki, eneo la karibu na Lübeck, na misitu ya Saxony ya Chini. Amsterdam waliiunda, mti haukuwa wa Amsterdam. Na kama unataka kulinganisha meli na nyumba: jumba la manispaa ya Amsterdam, lililoanza kujengwa 1648 na ambalo sasa ni jumba la kifalme, limesimama juu ya nguzo 13,659 zilizopigiliwa kwenye tope. Nguzo zile ni nyembamba kuliko mwaloni wa manowari, nakubali, lakini ni jengo moja tu, na ni chini ya sakafu tu.

Milingoti ina habari yake peke yake. Mlingoti mkuu wa manowari kubwa ulitaka msonobari ulionyooka wenye kipenyo cha karibu mita moja kwenye kitako, wenye utomvu wa kutosha kuufanya upinde bila kuvunjika. Uingereza haikuwa nayo, na si kwa sababu iliikata: haikuwahi kuota huko kwa wingi. Walinunua Riga, bandari ya Baltiki. Njia ya Riga inapita mlango mwembamba wa Denmark, ambako mfalme wa Denmark alitoza ushuru kwa kila meli hadi mwaka 1857, na adui akiufunga mlango huo jeshi zima la majini linabaki bila milingoti. Ndipo wakageukia misonobari mieupe ya New England. Hati ya koloni la Massachusetts ya mwaka 1691 ikamhifadhia mfalme kila msonobari wenye kipenyo cha inchi 24 au zaidi usiokuwa kwenye shamba la mtu, na mti ukipigwa chapa ya mshale mpana, alama ya mali ya mfalme, haukuguswa. Wakazi hawakupendezwa. Mwaka 1772, huko Weare, New Hampshire, watu waliotozwa faini kwa magogo ya namna hiyo walimvamia alfajiri ofisa wa serikali aliyekuja kuwakamata, wakamchapa kwa fimbo za misonobari. Miaka minne baadaye makoloni yakajitangazia uhuru. Sisemi ni kwa sababu ya milingoti, lakini ghadhabu ilikuwa inachemka kwenye vyungu vingi.

Nikurudishie sasa lile nililosema kwamba hesabu yangu imeruka mambo. Meli si mbao peke yake. Ina mizinga, misumari, nanga, lami ya kuziba kalafati, mapipa ya maji, nyama na unga. Lami ilipatikana kwa kuchoma misonobari polepole kwenye mashimo, nyingi ikitoka Finland iliyokuwa chini ya Sweden. Na mizinga ya chuma iliyeyushwa kwa mkaa. Kule Cantabria, kaskazini mwa Hispania, matanuri ya Liérganes na La Cavada yalimiminia wafalme mizinga kuanzia miaka ya 1620 hadi karne ya 19, na milima ya jirani ililipa kwa miti. Hapo ningekubali kuwa vita vya baharini vilikula msitu hasa, ila vilikula kupitia tanuri kuliko kupitia kiwanda cha meli. Ukitaka mfano mwingine wa meli kusababisha ukataji bila yenyewe kuukata mti, ni Madeira. Jina la kisiwa hicho kwa Kireno maana yake ni mbao. Wareno walikifikia katika karne ya 15, wakapanda miwa, na kabla karne haijakwisha kuni za kuchemshia sukari zilikuwa zinakisafisha mteremko kwa mteremko.

Venice ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Jamhuri ile iliendesha Arsenale, kiwanda cha meli kilichokuwa kikubwa kuliko vyote Ulaya, na toka karne ya 15 ikaanza kutenga misitu. Kilima cha Montello, karibu na Treviso, kiliwekwa kando mwaka 1471 kwa ajili ya mialoni ya meli. Msitu wa Cansiglio, wenye miti ambayo Wataliano huiita faggio, ukatengwa 1548 kwa ajili ya makasia ya merikebu za vita. Bonde la Motovun huko Istria, ng'ambo ya bahari ya Adriatiki, nalo likawekwa chini ya ulinzi. Maofisa walipita kijiji kwa kijiji wakihesabu mialoni na kuiandika daftarini, hata ile iliyoota kwenye mashamba ya watu binafsi. Kwa mkulima hiyo ilikuwa balaa. Mti umeota kwako, kivuli chake kinaua ngano yako, na huruhusiwi kuukata. Malalamiko ya maofisa yanaonyesha wakulima walivyojibu: miche ya mwaloni iling'olewa ingali kidole, kabla ofisa hajaiona.

Watalii wakipita pwani ya Dalmatia, huko Kroatia, yenye milima myeupe isiyo na kitu, wanaambiwa Venice ilikata miti yote hiyo kwa ajili ya meli na nguzo za mji. Hadithi tamu. Lakini Venice ilipata mialoni yake mingi kwenye bara la Italia na Istria, na pwani ile ya mawe ya chokaa imeliwa zaidi na mbuzi, moto wa wafugaji, na mvua zilizochukua udongo mwembamba baada ya hapo. Motovun, mahali ambapo Venice kweli ilikata kwa miaka mia tatu, msitu upo hadi leo, na watu wanachimba uyoga wa bei mbaya chini ya mialoni yake.

Na Montello? Ulidumu chini ya wanamaji kwa zaidi ya miaka 300. Ukawapita Wafaransa, ukawapita Waaustria, ukafika mikononi mwa Italia iliyoungana, wakati meli ni za chuma na mwaloni hauna mwenyewe. Mwaka 1892 sheria ikapitishwa ya kuugawa kwa wakulima maskini na wanunuzi, na mialoni ikaanguka ndani ya miaka michache. Msitu wa manowari ulikufa manowari zilipoacha kuuhitaji.

Kwingine miti ilibahatika. Katika msitu wa Tronçais, katikati ya Ufaransa, mialoni iliyokusudiwa meli siku za Colbert na warithi wake imeishia kuwa mapipa ya kuhifadhia mvinyo, na msitu bado ni mkubwa. Admirali Collingwood, aliyeshika uongozi Nelson alipouawa Trafalgar, akiwa likizo nyumbani alikuwa anatembea na mbegu za mwaloni mfukoni, akiona pahala pazuri anadondosha moja. Alikufa 1810. Mwaka 1859 Wafaransa wakashusha manowari Gloire iliyovikwa bamba za chuma, na mwaka uliofuata Waingereza wakashusha Warrior. Mbegu za Collingwood zilikuwa miti ya miaka hamsini, bado michanga. Wasweden ndio waliokuja kuliona jambo hili hadi mwisho: kwenye kisiwa cha Visingsö, katika ziwa Vättern, walipanda mialoni ya jeshi la majini kuanzia miaka ya 1830. Mwaka 1975 idara ya misitu ikaliarifu jeshi la majini kwamba mbao zilizoagizwa ziko tayari.

Sasa la kwetu. Manowari za Ulaya hazikuundwa kwa mbao za pwani yetu. Zao letu kubwa la miti lilikuwa boriti, mikoko ya Rufiji na ya visiwa vya Lamu, na hiyo ilikwenda kaskazini na majahazi ya msimu hadi Oman, Bahrain na Kuwait. Huko ilipauliwa nyumba, na upana wa vyumba vya zamani vya Ghuba ulipimwa na urefu wa boriti. Kama unatafuta mti wa Afrika ndani ya manowari ya Kiingereza, nenda Sierra Leone: kuanzia miaka ya 1810 magogo mazito yalikuwa yanatoka huko, Waingereza wakiyaita mwaloni wa Afrika, ingawa si mwaloni.

Mti wa Bahari yetu ya Hindi uliobeba kazi hiyo ni msaji, ambao Waingereza huuita teak, toka Malabar, pwani ya magharibi ya India. Mwaloni una asidi inayokula misumari ya chuma. Msaji una mafuta, msumari unakaa humo kama ulivyopigwa, na wadudu wa baharini hawaupendi. Wareno waliutumia mapema Goa na Cochin. Waingereza wakaja kuutumia Bombay, kwa mikono ya ukoo wa Wadia, Maparsi, yaani Wahindi wenye asili ya Uajemi, walioongoza uundaji wa meli huko tangu 1736. Manowari yao Trincomalee, waliyoishusha majini 1817, bado inaelea Hartlepool, kaskazini mwa England.

Na kiwanda hicho hicho ndicho kinachotuunganisha na habari hii. Mwaka 1826 Bombay ilishusha manowari yenye mizinga zaidi ya 70 iliyoagizwa na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Ikaitwa Liverpool. Ilikuwa kubwa kupita mahitaji yake na ghali kuihudumia, basi mwaka 1836 akamzawadia mfalme William wa 4 wa Uingereza, naye kwa heshima ya mtoaji akaibadilisha jina kuwa Imaum. Ikamalizia maisha yake Port Royal, Jamaika, imetia nanga, ikitumiwa kupokelea mabaharia wapya.